Kodi Kwenye Sebule ya Mama

Agosti 2025, siku ya Jumatano jioni, Mama alinipigia simu. Hakuwa na salamu nyingi. Deki ya DVD ilikuwa imekataa kusoma, na yeye alitaka kuona mazishi ya Shosho.

"Mazishi ya Shosho ya nini saa hii?" nikamuuliza.

"Baba yako yuko mle ndani."

Shosho alizikwa 2006. Baba alituacha 2019. Picha zake tunazo, za kitambulisho na za harusi za watu wengine, lakini video ni hiyo moja tu. Cameraman wa siku ile aliichoma kwenye diski, akaandika jina la ukoo wetu juu yake kwa kalamu nene, akatuuzia. Tangu hapo ilikaa juu ya kabati la sebuleni, karibu na dirisha, ikipigwa na jua la Nakuru kila asubuhi kwa miaka 19.

Alhamisi nikapanda matatu. Pesa za kununua deki mpya sikuwa nazo. Mteja mmoja alikuwa amekaa na pesa zangu za kazi ya Juni, na anayejua maisha ya kuandika bila mshahara hahitaji maelezo zaidi. Nilipofika nyumbani nikaikuta deki imefunguliwa mezani, Mama akiwa ameshaipangusa kwa kitambaa. Na pale mlangoni, tayari kuondoka, kulikuwa na CPU mbili za saiba ya Baba. Mtu wa vyuma kuukuu alikuwa ameshasema bei: mia tatu kwa zote mbili. Angekuja kuzichukua Jumamosi.

Nilichofanya kati ya Alhamisi na Jumamosi kingewezekana tu kwa sababu ya vijana fulani wa Paris, Norway na Marekani. Hawajawahi kusikia habari za Mama, lakini ukiangalia vizuri walikuwa wakimfanyia kazi kwa zaidi ya miaka 25. Hii ni historia yao, na ya hilo kasha.

Tuanze na kasha. Kenya tunaliita lote CPU, ingawa CPU yenyewe ni kale kachipu kadogo kaliko chini ya feni. Baba alifungua saiba 2004, mashine tano, zimetenganishwa kwa mbao ili mtu asisome barua pepe ya jirani. Bob moja kwa dakika. Intaneti ya wakati huo ilitoka angani, kwa setilaiti, polepole na kwa bei kali, kwa sababu kebo ya chini ya bahari ilikuwa haijafika Afrika Mashariki. Kebo zilifika Mombasa mwaka 2009, TEAMS na SEACOM, na wenye saiba wakadhani sasa wametoboa. Kumbe intaneti ikishuka bei haibaki kwenye saiba. Inahamia kwenye simu.

Katikati ya hayo yote Baba alibadilisha mashine mara moja tu, akanunua mitumba ya Ulaya yenye prosesa za Core 2 Duo. Mpaka leo hizo mbili zina stika ya ofisi fulani ya huko, yenye namba na lugha ambayo hakuna mtu kwetu anaijua. Ile ofisi ilikuwa imeamua kwamba mashine zimezeeka. Baba akaamua kwamba bado. Kisha Aprili 8, 2014, Microsoft ikaacha kuihudumia Windows XP, programu iliyoendesha saiba yote. Wateja walikuwa wameshapungua. Mwaka huo huo Baba akafunga. Tatu akauza, mbili zikaenda stoo chini ya magunia.

Kwa hivyo kasha hili lilikuwa limeshatangazwa mfu mara mbili kabla mtu wa vyuma hajaleta bei yake.

Upande wa pili wa hadithi ni ile diski. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na mpaka KTN ilipokuja 1990, ulikuwa na stesheni moja tu ya serikali. Ukitaka kuona kitu kingine, ulitafuta video. Kwanza kanda za VHS, halafu Video CD, ambazo kanuni zake ziliandikwa 1993. VCD ilibeba dakika 74 hivi, ndiyo maana filamu moja ilikuja kwa diski mbili na lazima mtu ainuke katikati ya vita kwenda kubadilisha. DVD zikaja nyuma yake. Mtaani kulikuwa na kibanda cha video: mabenchi, mapazia meusi, spika kubwa kuliko televisheni, na sauti ya DJ Afro akiisimulia upya filamu ya Jackie Chan au ya Rambo mpaka ukahisi imetengenezewa hapo stejini. Mwenye kibanda hakungoja mtu amletee sinema yenye viti vya sponji. Alikusanya alichopata, akachomeka.

Mazishi na harusi zetu zilirekodiwa kwenye diski za aina hiyo hiyo, lakini kuna tofauti ambayo wengi hatukuambiwa. Diski ya filamu halisi hugongwa kiwandani, alama zake ni vishimo kwenye plastiki. Diski ya kuchoma ina safu ya rangi inayobadilishwa na mwanga wa leza. Rangi hiyo hufifia kwa joto na jua. Yaani kumbukumbu za familia nyingi za Kenya za miaka ya 2000 zimekaa kwenye rangi inayochujuka, juu ya kabati. Kama unazo kwenu, usisome hii halafu ukazisahau.

Sasa twende Paris. Mwaka 1996 wanafunzi wa École Centrale Paris walitaka mtandao wa kasi kwenye mabweni yao. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kielimu. Sababu ya kweli, wenyewe wamekiri tangu zamani, ni kwamba mtandao wa zamani ulikuwa unawakwamisha kwenye gemu. Chuo hakikutoa hela. Wakatafuta mfadhili, wakapata kampuni iliyotaka kuona kama video za setilaiti zinaweza kutumwa kupitia mtandao hadi kwenye kompyuta ya kila mwanafunzi, badala ya kila chumba kuwa na dishi lake. Ikabidi waandike programu ya kutuma video na nyingine ya kuipokea na kuionyesha. Mradi ukaitwa VideoLAN, na ile ya kupokea VideoLAN Client. Mwaka 1998 wakaiandika upya kutoka mwanzo. Februari 2001 chuo kikakubali iachiliwe kwa leseni huria ya GPL: yeyote aitumie, aifungue, airekebishe, aigawe.

Hiyo ndiyo VLC. Ile koni ya rangi ya machungwa unayoiona kwenye kila laptopu ya Kenya ilitokana na koni za barabarani walizokuwa wakikusanya bwenini. Nimeacha chuo mwaka wa tatu, na watu wa kunikumbusha hilo hawakosi, kwa hivyo naipenda hii habari kwa sababu zangu binafsi. Kazi kubwa kuliko zote iliyowahi kutoka kwenye yale mabweni ilianza kwa kutaka kucheza gemu bila kukwama.

Miaka mitatu baada ya mradi wa Paris kuanza, shida nyingine ikajitokeza Norway. DVD za Hollywood zilikuwa na kufuli liitwalo CSS. Ukiwa na kompyuta ya Linux, hata kama diski umeinunua kwa hela yako, hukuwa na programu iliyoruhusiwa kuifungua. Mwaka 1999 kijana wa miaka 15, Jon Lech Johansen, pamoja na wengine ambao hawakujitaja, akatoa programu ya kuifungua, DeCSS. Akashtakiwa. Januari 2003 mahakama ya Oslo ikamwachilia, na rufaa ilipokatwa akashinda tena Desemba mwaka huo huo. Mahakama iliona kwamba mtu aliyenunua diski yake kihalali ana haki ya kuitazama kwa mashine yake. Linasikika kama jambo dogo, lakini bila mtu kulisema mahakamani, kompyuta ingebaki kuwa mgeni sebuleni, inayoomba ruhusa kwanza kabla ya kuonyesha picha.

Na sebuleni ndiko Microsoft ilikokuwa inataka kuingia. Novemba 15, 2001 ilianza kuuza Xbox Marekani kwa dola 299. Ilikuwa mashine ya gemu, lakini ukiifungua unakutana na kompyuta ya kawaida: prosesa ya Pentium III ya megahezi 733, RAM ya megabaiti 64, diski ya gigabaiti 8. Iliuzwa bei rahisi kwa hesabu kwamba hela itarudi kwenye gemu, kwa hivyo ilifungwa kwa ufunguo wa siri ili isiendeshe kitu chochote ambacho kampuni haijakipitisha. Andrew Huang, mwanafunzi wa udaktari pale MIT anayejulikana kama bunnie, akachomeka vifaa vyake kwenye nyaya za ndani na kuusoma ufunguo ukiwa unapita kutoka chipu moja kwenda nyingine. Hiyo ilikuwa 2002.

Mwaka huo huo likatoka jambo ambalo ndilo mzizi wa insha hii. Watu waliokuwa wameshazifungua Xbox zao wakajiuliza: kwa nini hii kitu isicheze filamu zangu? Imeunganishwa na televisheni tayari. Ina rimoti. Ina waya wa mtandao. Wakaandika Xbox Media Player. Mwaka uliofuata ikawa Xbox Media Center, XBMC kwa kifupi, na toleo namba 1.0 likatoka Juni 2004. Msimbo wake ukaachiliwa kwa leseni ile ile ya GPL iliyotumika Paris.

Hapo kuna kichekesho. Microsoft ilichukua kompyuta ikaivisha nguo za gemu. Watumiaji wakaivua nguo na kuifanya deki. Miaka michache baadaye Xbox ile ya kwanza ikachoka, haikuweza tena filamu za picha kali, na XBMC ikahitaji nyumba mpya. Mwaka 2007 waandishi wake wakaanza kuihamishia Linux, na 2008 ikawa inaendesha Linux, Windows na Mac. Programu iliyozaliwa kwenye kompyuta iliyojificha ndani ya mashine ya gemu sasa ilikuwa inatafuta kompyuta za kawaida. Kama zile mbili zilizokuwa zikielekea stoo ya Baba.

Jina la Xbox likawa halina maana tena, na pia lilikuwa la mwenyewe. Agosti 2014 wakatangaza jina jipya: Kodi.

Mkenya hawezi kupita hapo bila kucheka. Kwetu kodi ni ile ya landlodi tarehe tano, na kodi ni ile iliyotutoa barabarani Juni 2024. Na hii Kodi ni ya bure kabisa. Nilipomwambia Mama jina, akaniuliza kwa umakini, "Na anayelipwa ni nani?" Nikamwambia hakuna. Hakuniamini, na mpaka leo haniamini.

Nisiwafiche upande mwingine. Kodi yenyewe haina filamu ndani, ni chombo cha kupangia ulicho nacho. Lakini kuna watu waliobandika juu yake vijiprogramu vya wizi, wakauza visanduku vikiwa vimejazwa tayari, na Aprili 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba kuuza kisanduku cha namna hiyo ni kuvunja hakimiliki. Nasi tulikulia kwenye DVD za hamsini bob, nane kwa moja. Sina usafi wa kumhubiria mtu. Ninachosema ni kwamba chombo ni kimoja na matumizi ni mengi, na kwa Mama kazi ilikuwa kucheza mazishi ya mama mkwe wake.

Alhamisi usiku nikafungua CPU ya kwanza. Vumbi la miaka kumi na moja limegandana kama sufu. Nilipuliza, nikatoa RAM, nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, nikarudisha. Betri ya saa, ile ya duara kama sarafu, ilikuwa imekufa, na duka la karibu wakaniuzia nyingine. Ikawaka. Ya pili haikuwaka, ikawaka nilipohamisha RAM kwenye nafasi nyingine.

Kwa flashi yangu nikawasha Linux bila kugusa diski ya ndani, nikaiweka ile DVD. Mashine ya kwanza ikaizungusha, ikakohoa, ikaitema. Ya pili ikaisoma. Mafundi wanajua hili: visomaji viwili vya diski havioni sawa, jicho la leza la mmoja linaweza kuvumilia kile ambacho la mwingine limeshindwa. Kama Mama angekuwa ameshauza hata moja tu, na ikawa hiyo ya pili, hadithi ingeishia hapo.

Nilitumia programu iitwayo ddrescue. Huanza kwa kunakili sehemu zinazosomeka kirahisi, halafu hurudi kwenye zilizoharibika na kujaribu tena na tena, huku ikiandika kwenye faili la ramani wapi imefika. Ijumaa mchana ikawa imepata sehemu kubwa. Saa mbili usiku stima ikapotea mtaa mzima. Nilikaa gizani na Mama, tukanywa chai. Aliniuliza kama nitarudi chuo. Nikamwambia bado nafikiria. Stima iliporudi saa tano, ddrescue ikasoma ramani yake na kuendelea pale pale ilipoachia.

Usiku huo huo nikaitayarisha mashine ya pili iwe deki. Nilitumia LibreELEC, Linux iliyopunguzwa mpaka ikabaki na kitu kimoja tu cha kufanya: kuwasha Kodi. Toleo jipya lilinipa skrini nyeusi, kwa sababu chipu ya picha ya mashine ni ya zamani mno. Toleo la nyuma kidogo likakubali. Waya wa VGA niliuchomoa kwenye monita ya saiba, na sauti ikapita kwenye waya mwembamba hadi kwenye redio ya Mama. Rimoti ikawa simu yake, kwa programu ya Kore.

Si kila kitu ni kizuri. Kasha hili hula makumi ya wati za stima, wakati kijiti cha kisasa cha kuchomeka nyuma ya televisheni hula wati chache tu, kwa hivyo ukitazama kutwa, tokeni zitakuambia. Feni inasikika. Filamu za H.264, mtindo wa 2003, inacheza vizuri. Zile za H.265 za 2013 na kuendelea zinakwamakwama, maana prosesa inabeba peke yake kazi ambayo chipu za sasa zimeumbiwa. Lakini video ya mwaka 2006 ni mzigo mwepesi kwake. Ni ya rika lake.

Na haihitaji bando. Hilo ndilo Mama alilolielewa haraka kuliko yote. Netflix imekuwa Kenya tangu Januari 2016, na siku usipolipa, hakuna ulichobaki nacho. Februari 2015, wakati wa vita vya kuhamia dijitali, stesheni kubwa za binafsi zilitoweka hewani karibu wiki tatu, na Mama anakumbuka akikaa mbele ya skrini tupu. Hata Media Center ambayo Microsoft yenyewe iliitengeneza 2002 ili kompyuta iingie sebuleni, iliondolewa Windows 10 ilipokuja 2015. Na Oktoba 2025, miezi miwili baada ya kazi yangu, hiyo Windows 10 nayo ikaachwa, na mashine nyingi zisizokubali Windows 11 zikaambiwa wakati wao umeisha. Sasa hivi zinatafuta stoo za kulala. Nyingine zitafika kwetu kama mitumba, zikiwa na stika za ofisi za watu.

Jumamosi asubuhi tukakaa, Mama, mimi na dada yangu mdogo. Diski haikupona yote. Kuna dakika kadhaa za hotuba za wazee ambazo ni vipande vya rangi tu, na wimbo mmoja wa kanisa unaokatika katikati. Mama alingoja bila kusema kitu.

Halafu Baba akapita. Hakuwa anaongea na kamera. Alikuwa ameinama kando ya jenereta, shati jeupe, mkono mmoja umeshika waya wa spika, akimwambia kijana wa mitambo, "Hiyo usiguse, iko sawa." Akainuka, akapangusa mikono kwenye suruali, akatoka nje ya picha.

"Rudisha hapo," Mama akasema.

Nikarudisha. Akaniomba simu, nikamwonyesha pa kubonyeza, akarudisha mwenyewe. Mara ya nne au ya tano hivi mtu wa vyuma akabisha hodi getini. Dada yangu akatoka kumweleza kwamba CPU haziuzwi tena. Akampa ile deki ya DVD, akarudi na hamsini bob, akaiweka mezani kando ya Mama, ambaye hakuwa ameinua macho.